Anayemdai Jenifa Asimame

Ulemo,
23 Juni 2024

Mwanangu Jenifa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo lina maneno yake asubuhi. Naandika barua kwa sababu simu yangu haishiki mtandao mpaka nikapande kile kichuguu cha kwa Kefa, na Kefa unamjua, neno likipita kwake jioni linalala Misigiri. Barua nampa Shukuru dereva. Nitasimama mpaka nione ameiweka kwenye droo ya gari.

Gari lina magunia arobaini na sita ya alizeti. Uhesabu mwenyewe. Watu kumi na moja wa kikundi chetu wameyatoa bila kushika hata senti, na wanunuzi wa kupita walikuwa hapa juzi na fedha mkononi. Nikawauliza wenzangu, "Mnamuuzia mtu msiyemjua hata mama yake, na Jenifa mnamjua mpaka shangazi zake?" Wakacheka, wakafunga magunia. Mwenyekiti ni mwenyekiti.

Leo baada ya ibada nimemwonyesha mama mchungaji picha ya mashine yako ya kukamua mafuta. Amesema ni kubwa. Nimemwambia hapo imepigwa ikiwa imezimwa.

Watu nimewaambia watalipwa ndani ya wiki mbili. Kwa mashine yenye kelele vile, wiki mbili mimi naona ni nyingi.

Mama yako,
Dorika Msengi,
Mwenyekiti, Kikundi cha Alizeti Ulemo


Utemini, Singida,
30 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Magunia yamefika yote. Mbegu ni kavu, nzuri, na mafuta yanatoka mengi kuliko mwaka jana. Waambie wote asante.

Ila mama, wiki mbili umezitoa wapi? Hukuniuliza. Mafuta haya yanakwenda kwa mwenye maduka wa Dodoma, na yeye hulipa siku sitini baada ya kupokea mzigo. Ndivyo alivyoandika kwenye mkataba, na mimi ni mdogo kwake, siwezi kumpangia. Fedha yangu yote iko kwenye ndoo, umeme na vibarua. Naomba uwaite wenzako uwaeleze taratibu kwamba watalipwa Septemba. Gunia moja elfu hamsini, jumla milioni mbili na laki tatu. Nimeandika kila jina kwenye daftari langu na idadi ya magunia yake.

Mwaka jana walisubiri mwezi mmoja bila neno. Naamini watanielewa.

Mwanao,
Jenifa


Ulemo,
21 Julai 2024

Mwanangu Jenifa,

Usiwe na hofu. Watu wametulia kama maji ya mtungini. Hakuna hata mmoja aliyebisha mlangoni kwangu kuuliza fedha. Jana Rebeka wa kikundi chetu amenipita kisimani, akanisalimu vizuri sana, akaniambia, "Mama Jenifa, umezaa." Nikamwambia najua.

Wewe kamua mafuta. Mambo ya huku niachie.

Najua utauliza habari za maksai wangu wa kulimia. Tajiri na Mapengo wako kwa mjomba wako, majani ya huku yamekwisha. Wanakula vizuri huko.

Goti limepoa.

Mama yako,
Dorika Msengi


Utemini,
5 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Nina habari njema, ila usiitangaze kwanza. Mwenye maduka anataka mzigo mara mbili ya huu. Sina uwezo wa kukusanya mbegu hizo zote kwa kuwaomba watu wasubiri, basi nimekwenda kwenye taasisi moja ya fedha hapa mjini. Wana utaratibu huu: nikipokea mbegu, wao wanawalipa wakulima papo hapo. Mwenye maduka akimaliza siku zake sitini, anawalipa wao. Wakulima hawasubiri, na mimi sihangaiki. Wao wanakata kiasi kidogo cha kazi yao.

Shida ni moja, hawanijui. Sina hesabu zilizokaguliwa, sina nyumba ya kuweka dhamana, nina daftari langu la mkono tu. Wamesema watalipima daftari hilo kwa kuwauliza watu wanaoniuzia mbegu. Afisa wao, Bwana Antipasi, atakuandikia wewe kama mwenyekiti. Nimekatazwa kabisa kumfundisha mtu cha kujibu, kwa hiyo sisemi zaidi.

Neno moja tu mama: usinipambe. Jibu kilivyo.

Jenifa


Singida,
19 Agosti 2024

Kwa Bi. Dorika Msengi,
Mwenyekiti, Kikundi cha Alizeti Ulemo.

YAH: UTHIBITISHO WA BIASHARA NA KIWANDA CHA MAFUTA CHA BI. JENIFA AMOSI

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu. Mtajwa ameomba huduma katika taasisi yetu. Ili tuweze kumfahamu, tunaomba utujibu yafuatayo:

Je, wanakikundi wamempelekea mbegu msimu huu, na ni magunia mangapi? Je, wamelipwa au bado wanadai? Kama wamelipwa, ni lini, na fedha ilitoka kwa nani?

Majibu yako yatalinganishwa na kumbukumbu za mwombaji. Tunatanguliza shukrani.

Antipasi Mazengo,
Afisa Mikopo


Ulemo,
26 Agosti 2024

Kwa Ndugu Antipasi Mazengo,

YAH: JENIFA NI MTU WA NAMNA GANI

Nimefurahi umeuliza, na umeuliza mahali penyewe. Mimi ni mwenyekiti, lakini pia mimi ndiye niliyemzaa, kwa hiyo majibu yangu yana uzito mara mbili.

Mbegu amepelekewa, magunia arobaini na sita. Ni kavu, hazina mchanga, ukitaka mfano nakutumia debe.

Kuhusu kudai, ndugu yangu, hakuna mtu Ulemo nzima anayemdai Jenifa. Wote kumi na moja walilipwa tarehe 13 Julai, fedha taslimu, mkono kwa mkono, hapa nyumbani kwangu, na kila mmoja ameweka sahihi au dole gumba. Hazikufika hata siku ishirini na moja. Kampuni gani kubwa inalipa hivyo? Fedha ilitoka kwa Jenifa.

Mwanangu huyu hajakopa tangu azaliwe. Akiwa shule aliazimwa kalamu akairudisha na wino wake. Mpe huo mkopo bila wasiwasi, maana ni mtu asiyependa madeni.

Ukija huku usipite bila kula kuku.

Dorika Msengi,
Mwenyekiti, na Mama


Utemini,
9 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Wamesimamisha ombi langu.

Bwana Antipasi aliniita ofisini. Alifungua daftari langu mezani, akaweka barua yako pembeni yake. Daftari linasema nadaiwa na watu kumi na moja wa Ulemo, magunia arobaini na sita. Barua yako inasema hakuna anayenidai. Akaniuliza, "Dada Jenifa, kati yako na mama yako, nani anatudanganya?"

Nikamwomba kwanza aniachie niisome barua yako.

Anasema kuna mawili. Ama nimebuni deni ili taasisi itoe fedha kwa wakulima hewa, ama kuna mtu amenikopesha pembeni na nimemficha. Yote mawili ni kosa kwao. Aliniambia tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Sisi wateja kama wewe hatuna cha kuwashika ila maneno yao. Neno likigongana na neno, sisi tunafunga faili."

Mwenye maduka bado hajalipa. Sasa anasema siku tisini. Mzigo wa pili amenipa mpaka mwisho wa Oktoba nimwambie naweza au siwezi, akampe mwingine.

Mama, mimi sijatuma hata shilingi Ulemo. Nani amewalipa watu?

Jenifa


Ulemo,
15 Septemba 2024

Mwanangu Jenifa,

Huyo Antipasi ana matatizo yake. Mtu anasifiwa, yeye anafunga faili. Je, ningemwambia unadaiwa na kijiji kizima, ndiyo angekupa? Hebu niambie, tangu lini mtu akawa mzuri kwa kudaiwa?

Waliolipwa wamelipwa. Alipita msamaria mmoja akasaidia, hana haraka, na hapendi kutajwa. Wewe chukua kalamu, andika kwenye daftari lako kwamba uliwalipa tarehe 13 Julai, yafanane, mambo yaishe. Ni mstari mmoja tu huo.

Nakutumia kuku wawili kwa Shukuru. Mmoja wako. Mwingine mpelekee huyo bwana.

Mama yako,
Dorika Msengi


Utemini,
29 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Kuku nimewapokea. Sikumpelekea. Angeandika na hilo kwenye faili.

Mstari huo siandiki. Daftari hili ndilo kitu pekee nilichonacho, na likidanganya mara moja sina tena cha kuonyesha mtu.

Shukuru alipokuwa akishusha mzigo jana nilimuuliza habari za huko. Akaniambia, bila kujua anasema nini, kwamba kamwona Mapengo Misigiri anavuta mkokoteni wa maji wa mtu. Kamtambua kwa pembe iliyovunjika. Nikamuuliza Tajiri je. Akasema Tajiri alinunuliwa na watu wa nyama, siku ileile ya mnada, Julai.

Mama, nilikaa juu ya gunia nikashindwa hata kumlipa Shukuru nauli yake. Ulinunua heshima yangu kwa maksai wako, ukanificha. Mimi nawaza utalima na nini mvua ikianza, na wewe ulikuwa unaniandikia wanakula vizuri.

Nilirudi kwa Bwana Antipasi nikamweleza kila kitu. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Basi huyo ndiye mkopeshaji wako. Aje aandikwe." Atakuja Ulemo Jumamosi tarehe 12 Oktoba. Anataka wanakikundi wote wawepo, na aliyelipa aseme mbele yao kiasi alicholipa, ajaze fomu kwamba ananidai. Akifanya hivyo, daftari langu linabaki kweli: deni lipo, ila limehamia kwa mtu mwingine.

Naomba mama.

Jenifa


Ulemo,
3 Oktoba 2024

Jenifa,

Ni kweli niliwauza. Milioni moja na laki moja na hamsini kila mmoja, na waliniambia nimeuza vizuri. Ikatimia fedha ya watu bila kubaki ya nauli. Nilirudi kwa miguu.

Lakini hiyo fomu sijazi. Sikiliza kwa nini, sijawahi kukueleza.

Baba yako tulipomzika ulikuwa darasa la tatu. Kaburi limekwisha kufukiwa, mzee wa ukoo akasimama, kama ilivyo desturi, akasema anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze. Kwa kawaida maneno hayo husemwa tu, mtu mwenye deni lake huja polepole baada ya siku kadhaa, anaongea na familia ndani. Siku ile walisimama palepale. Watatu. Wa tatu alidai debe mbili za mbegu za mtama. Debe mbili, Jenifa, juu ya udongo ambao haujakauka. Watu wakageuka kunitazama mimi. Nililipa kwa vitenge vyangu, na mpaka leo nikiona mtu amevaa rangi ile nageuza uso.

Nikaapa hakuna mtu atakayesimama mbele za watu akasema anamdai mtoto wangu. Julai wale kumi na moja walianza kuulizana. Kefa alisema kisimani, kwa sauti, "Mashine ya Jenifa inakamua alizeti au inakamua sisi?" Kesho yake nilipeleka maksai mnadani.

Sasa unataka mimi ndiye nisimame. Mama hamdai mwanawe. Nilikunyonyesha kwa fomu?

Dorika Msengi


Utemini,
8 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Nakumbuka mazishi yale. Nilikuwa nimeshika kanga yako. Uliivuta ukajifunika uso yule wa tatu aliposimama, na mimi nilidhani unamlilia baba.

Lakini baba hakuandika deni lolote mahali popote. Hakuna aliyejua ni kweli wala ni uongo, hata wewe. Ndiyo maana walisimama, na ndiyo maana ulilipa. Mimi nimeandika. Ninachokuomba ni kwamba kilichoandikwa kifanane na kilichotokea.

Usipokuja Jumamosi sitakulaumu. Nitafunga mashine, nitatafuta kazi, nitakulipa maksai wako polepole. Nimemaliza.

Jenifa


Ulemo,
13 Oktoba 2024

Mwanangu Jenifa,

Amekuja. Mwembamba, viatu vyake vinang'aa, nilidhani atakuwa mtu mzima kumbe ni wa umri wako. Amekula kuku, alikataa paja, nikamwekea tu.

Watu walikaa chini ya paa la ghala la kikundi. Akawauliza mmoja mmoja: ulipeleka magunia mangapi, ulilipwa lini. Wote walijibu sawasawa na daftari lako, hata mimi nilishangaa, mpaka gunia moja la Scholastika lililopungua umeliandika. Kisha akasema, "Na fedha hiyo alitoa nani?"

Wote wakasema Jenifa. Nani angejua? Mimi ndiye niliyewaambia.

Nikajifanya nakunja kanga yangu. Akarudia swali, ananitazama mimi. Goti lilikataa, Jenifa, nakuambia kweli, nikashika nguzo. Nikasimama. Nikasema, "Mimi Dorika Msengi namdai Jenifa Amosi shilingi milioni mbili na laki tatu." Kwa mdomo wangu. Ukimya ulioingia pale niliujua, ni ule wa siku ile.

Kefa ndiye aliyeuvunja. "Kumbe sisi tumelipwa na Tajiri na Mapengo. Na mimi nilimsifu Jenifa bure." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi ili nisilie.

Rebeka hakucheka. Alisema, "Mama Jenifa, umetukosea. Mwaka jana tulisubiri mwezi mzima, nani alikuja kukutukana? Kefa ni mdomo tu. Ungetuita ukatuambia siku sitini, tungenung'unika tukakaa. Wewe ukatuona ni watu wa kusimama makaburini." Sijui nani amemwambia habari ile. Labda alikuwepo. Labda wote walikuwepo.

Nilikuwa na majibu ya kila mtu tangu niolewe Ulemo. La Rebeka sikulipata.

Fomu nimejaza. Palikuwa na mahali pa kuandika ndani ya siku ngapi ulipwe. Nilimwambia huyo kijana aache wazi. Akasema, "Mama, pakiwa wazi hatujui kitu." Nikaandika sitini, kama wenzangu.

Mama yako,
Dorika Msengi


Singida,
4 Novemba 2024

Kwa Bi. Jenifa Amosi, Utemini.
Nakala: Bi. Dorika Msengi, Ulemo.

YAH: UAMUZI WA OMBI LAKO

Baada ya ziara ya tarehe 12 Oktoba, taasisi imejiridhisha kuwa kumbukumbu zako ni sahihi. Ombi limekubaliwa kwa magunia ishirini kwa kila awamu, badala ya mia uliyoomba.

Sababu ni hii. Sisi huwalipa wakulima papo hapo, lakini mnunuzi akichelewa, fedha ya awamu inayofuata nayo huchelewa, na wakulima hulazimika kusubiri. Msimu huu wakulima walilipwa mapema na mtu mwingine, hivyo hatuna ushahidi wa msimu huu kwamba wangesubiri. Tunajua tu kwamba hawakupewa nafasi ya kusubiri. Mwakani tutaangalia upya.

Antipasi Mazengo,
Afisa Mikopo


Ulemo,
8 Desemba 2024

Mwanangu Jenifa,

Laki tano ulizotuma kwa Shukuru nimepokea, nimeandika kwenye daftari nililonunua kwa ajili hiyo. Imebaki milioni moja na laki nane. Siku sitini zinaisha Jumatano. Nakuona hutawahi, na mwenye maduka naye nasikia amelipa nusu na mzigo mkubwa amempa mtu wa Dodoma hukohuko. Ukiulizwa na huyo kijana mwambie ukweli kwamba umechelewa. Mimi nikiulizwa nitasema hivyohivyo. Nimejifunza, ingawa kwa gharama ya pembe nne.

Mvua imenyesha mara tatu. Nilianza kulima kwa jembe la mkono, nikatoa robo eka kwa siku tano. Usinihurumie, nimesema ili ujue, maana sasa tumekubaliana kutokufichana. Alhamisi Kefa alikuja na maksai wake. Nikamkatalia mlangoni. Akasema, "Mama Jenifa, kudai unajua, kudaiwa hutaki?" Nikakosa la kumwambia, mara ya pili mwaka huu. Amelima eka moja. Nimeandika: Kefa, eka moja, elfu hamsini, baada ya mavuno. Nilipomsomea alitaka nifute. Nikamwambia sifuti.

Eka tatu zitabaki pori mwaka huu. Watu wanapita wanatazama. Waache.

Mama mchungaji ameuliza habari za mashine. Nimemwambia inakamua magunia ishirini ishirini, na kila gunia linajulikana limetoka kwa nani. Akasema ni machache. Nikamwambia ni ya kweli.

Kuna jambo moja, ndilo lililonifanya niandike. Ile fomu haijaniacha. Zamani niliogopa siku ya baba yako irudi, mtu asimame akudai. Sasa nawaza siku yangu. Wataniweka, mzee wa ukoo atasimama, atasema anayedaiwa na marehemu ajitokeze. Na wewe, kwa ulivyo, hutanyamaza. Utasimama na daftari lako mbele ya kila mtu, useme imebaki kiasi fulani.

Kwa hiyo nilipe, mwanangu. Siyo kwa haraka, goti bado lina nguvu. Lakini nilipe yote, mpaka elfu ya mwisho, ili siku hiyo ukae tu chini ulie kama watoto wengine.

Mama yako, na mdai wako,
Dorika Msengi